Njia Gani ya Kusoma Inakufaa? Jipime kwa Wiki Mbili

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa kusikia, nikisoma kwa macho haiingii kichwani. Nisomeje?"

Swali hili hunifikia kila muhula, na kadiri Novemba ya mtihani wa kidato cha nne inavyosogea ndivyo linavyoongezeka. Mwingine huja akisema yeye ni mtu wa picha. Mwingine ni wa vitendo. Wazazi nao huuliza kwa niaba ya watoto wao. Nimeandika mwongozo huu ili jibu lote likae mahali pamoja, na wewe unayeuliza uanze kazi jioni hii hii.

Jibu langu kwa ufupi: ni kweli watu hatufanani, na njia inayomfaa mwenzako darasani huenda isikufae wewe. Lakini kinachotutofautisha si kwamba mmoja ana kichwa cha masikio na mwingine cha macho. Tunatofautiana kwa kile tunachokijua tayari, kwa lugha tunayoielewa vizuri, kwa afya ya macho na masikio, kwa usingizi, kwa utulivu wa nyumba tunazoishi. Masomo yenyewe pia hayafanani. Moyo wa binadamu lazima uuchore hata kama unapenda kusikiliza, na matamshi ya Kiingereza lazima uyasikie hata kama unapenda picha.

## Hizo "aina" zilitoka wapi

Nitalisema hili haraka tuendelee na kazi. Mwaka 1992 Neil Fleming wa New Zealand na mwenzake Colleen Mills walichapisha dodoso linalowagawa wanafunzi katika makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa vitendo. Halikuwa peke yake. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walihesabu mifumo 71 ya namna hiyo. Kisha mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti kutafuta jambo moja: je, mwanafunzi akifundishwa kwa "aina" yake hufaulu zaidi? Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitumia njia hiyo madarasani.

Mimi niliwahi kuligawa darasa la tuisheni kwa dodoso kama hilo. Kijana mmoja akaandikwa "msikilizaji", nikamruhusu asichore michoro ya Biolojia, awe anasikiliza tu. Alikuja kukosa maswali ya michoro ambayo angeyaweza kabisa. Jambo hilo bado linaniuma, na ni sababu mojawapo ya mimi kuandika haya.

Unachokipenda si kibaya. Kama kusikiliza kunakufanya ukae chini uanze, anza kwa kusikiliza. Usiishie hapo tu.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari moja jipya. Humo utaandika matokeo yako, si notsi.
- Karatasi moja ya manila. Ikunje katikati mara tano utapata vipande 32, hizo ndizo kadi zako. Manila ni nzito, kwa hiyo kunja mara mbili, kata, kisha endelea kukunja vipande.
- Bahasha tatu. Ziandike 1, 2 na 3.
- Mitihani iliyopita ya masomo mawili, pamoja na majibu yake au mtu wa kukusahihishia.
- Kitu cha kupima muda. Simu ya kitochi inatosha.
- Mtu mmoja wa kukuuliza maswali: rafiki, dada, mama. Si lazima alijue somo. Anasoma swali, anatazama jibu, anaweka alama.
- Wiki mbili ambazo huna mtihani mkubwa.

Kama mtihani wako ni kesho kutwa, mwongozo huu haukufai kwa sasa. Nenda moja kwa moja kwenye maswali ya mitihani iliyopita, kisha rudi hapa ukimaliza.

## Hatua ya 1: Andika hali yako, si aina yako

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jibu maswali haya kwa ukweli:

Nalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Saa gani nyumbani au bwenini kuna utulivu, hata kama ni dakika arobaini tu? Nikikaa siti ya nyuma, ubao nauona? Mwalimu akiongea polepole bila kupaza sauti, namsikia? Nikisoma aya ya Kiingereza, naielewa moja kwa moja au naitafsiri kwanza? Nikisoma Kiswahili, naruka mistari au nachanganya herufi? Ni kazi gani za nyumbani zinazonisubiri kila siku?

Usiliruke swali la ubao. Nimekutana na wanafunzi waliojiita "watu wa kusikia" kumbe macho yao hayaoni mbali. Walikuwa wanategemea masikio kwa sababu ubao ni ukungu kwao. Dawa yao ilikuwa miwani. Vivyo hivyo kuna anayejiita "mtu wa kuona" kwa sababu sikio moja limeziba tangu utotoni. Ukiwa na shaka, mwambie mzazi akupeleke ukapimwe kabla hujabadilisha njia yoyote ya kusoma.

## Hatua ya 2: Pima unachokijua kwenye kila mada

Chagua somo moja. Andika orodha ya mada zake. Kwa kila mada, funga kila kitu, weka dakika tano, andika yote unayoyakumbuka. Usitazame popote. Muda ukiisha, fungua kitabu ulinganishe, kisha jipe cheo:

Mgeni: umeandika mstari mmoja miwili, au umeandika maneno usiyoweza kuyaeleza.
Mpita njia: umeandika karibu nusu, lakini vitu vimeachana, huoni kipi kinasababisha kipi.
Mwenyeji: umeandika sehemu kubwa na unaweza kumweleza mwenzako.

Unaweza kuwa mwenyeji kwenye mada ya riba na faida, ukawa mgeni kabisa kwenye logarithimu. Ndiyo maana mtu kusema "mimi Hisabati siiwezi" hakumsaidii. Njia ya kusoma inabadilika mada kwa mada.

Kwa watafiti wa kujifunza hapa ndipo tofauti ya mtu na mtu inapoonekana wazi: mgeni hufaidika na mifano iliyokokotolewa hadi mwisho, wakati mwenyeji mifano hiyo humpotezea muda, yeye hufaidika na maswali magumu. Ukimpa mgeni maswali matupu, anahangaika bila kujifunza. Ukimpa mwenyeji mifano mitupu, anatikisa kichwa kukubali kila mstari na hakuna kinachoongezeka.

## Hatua ya 3: Tambua kazi ambayo mada inakudai

Kila mada ina kazi yake. Jiulize: kwenye mtihani nitatakiwa kufanya nini hasa?

a) Kukumbuka vitu vidogo vidogo. Elementi 20 za mwanzo, tarehe, msamiati. Hapa tumia kadi. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu fupi. Mfano: "Vita vya Maji Maji vilianza na kuisha miaka gani?" Nyuma: "1905 hadi 1907". Kadi moja, jambo moja. Kadi zote huanzia bahasha ya 1. Ya 1 unaipitia kila siku, ya 2 kila baada ya siku tatu, ya 3 mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inapanda bahasha. Ukikosa, inarudi ya 1, hata kama ilikuwa ya 3. Mtindo huu ulienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970 na hauhitaji umeme.

b) Kuelewa kitu kinavyokwenda. Mzunguko wa damu, mvua ya milima, mmeng'enyo wa chakula. Chora kwanza bila kuangalia, kisha eleza kwa sauti huku kidole kikifuata mchoro: damu inatoka mwilini, inaingia atiria ya kulia, inashuka ventrikali ya kulia, inakwenda mapafuni, inarudi atiria ya kushoto, inashuka ventrikali ya kushoto, inatoka kwa aota. Ukikwama, hapo ndipo usipoelewa. Weka alama, fungua kitabu, soma sehemu hiyo tu, funga, anza tena mwanzo. Mchoro na maneno vikienda pamoja vinasaidiana, kwa anayependa picha na kwa asiyependa.

Jiulize pia "kwa nini" mpaka uishiwe. Kwa nini miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko ya kaskazini? Kwa sababu upepo wenye unyevu huupiga mlima upande huo. Kwa nini hilo lilete mvua? Kwa sababu hewa inalazimika kupanda. Ikipanda kunatokea nini? Inapoa. Ikipoa? Mvuke unageuka matone. Mpaka upepo unavuka ng'ambo, unyevu mwingi umeshamwagika. Ukifika hapo, mada ni yako.

c) Kukokotoa. Hisabati, Fizikia, sehemu kubwa ya Kemia. Kama wewe ni mgeni wa mada, chukua mfano uliokokotolewa, soma mstari mmoja, funika unaofuata kwa karatasi, jaribu kuubashiri, funua. Ukimaliza mifano mitatu kwa namna hiyo, fanya swali linalofanana bila mfano. Ukishakuwa mpita njia, acha kufanya maswali ishirini ya aina moja mfululizo. Changanya: moja la Pythagoras, moja la mlinganyo wa kwadratiki, moja la uwiano, rudi Pythagoras.

Kuchanganya kunachosha, na wengi huacha wakidhani wanarudi nyuma. Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio la wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wakati wa mazoezi, waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89, waliochanganya asilimia 60. Wiki moja baadaye walipopimwa, waliochanganya walipata 63 na wenzao 20. Sababu inaeleweka: kwenye mtihani hakuna anayekuambia swali hili linataka kanuni gani. Aliyechanganya ameshazoea kuchagua mwenyewe.

d) Kujenga hoja. Historia, Uraia, fasihi. Usikariri insha nzima. Andika mifupa: hoja, ushahidi, maelezo. Kwenye sababu za Maji Maji, hoja ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Ushahidi ni mashamba ya pamoja yaliyosimamiwa na maakida na majumbe wa Wajerumani. Maelezo ni kwamba watu walipoteza muda wa mashamba yao ya chakula huku malipo yakiwa madogo. Jipe dakika kumi, andika mifupa sita kwa kichwa. Mara moja kwa wiki chukua mifupa hiyo uiandike insha kamili kwa muda wa mtihani.

e) Lugha. Sauti, msamiati na matumizi. Sikiliza, rudia kwa mdomo, kisha andika ulichosikia. Redio inatosha.

Tahadhari: usitumie njia moja kwa kazi zote tano. Mwenye kadi 300 za Hisabati na mwenye michoro ya rangi ya tarehe za Historia wamekosea jambo lile lile.

## Hatua ya 4: Fanya jaribio lako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayojibu swali ulilokuja nalo.

Chukua Biolojia. Chagua mada mbili ambazo kwako ni ngeni na zinalingana kwa urefu. Ziite A na B. Mpe msaidizi wako mitihani iliyopita, achague maswali kumi ya kila mada na ayafiche.

Jumatatu na Jumatano ya wiki ya kwanza, soma A kwa njia unayoipenda: kama ni kusikiliza ulichorekodi, rekodi na usikilize, kama ni kusoma na kupiga mistari, piga. Dakika 20 kila siku. Siku hizo hizo soma B kwa njia ya kujipima: soma dakika 8, funga, andika unachokumbuka dakika 7, fungua urekebishe dakika 5. Muda uwe sawa kabisa, tumia saa.

Jumanne na Alhamisi fanya vivyo hivyo kwa somo lingine, mfano Jiografia, lakini safari hii anza na njia ya kujipima ndipo uende kwenye unayoipenda, ili uchovu usiipendelee njia mojawapo.

Kisha acha mada hizo. Usiziguse. Jumatano ya wiki ya pili msaidizi akupime Biolojia, Alhamisi akupime Jiografia. Maswali kumi A, maswali kumi B. Andika alama.

Tahadhari kubwa: usijipime siku ile ile uliyosoma ukatoa hukumu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, chuo kikuu kimoja nchini Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Kundi moja lilisoma habari mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja na kujipima mara tatu. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na waliojipima 71. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walibaki na 40, waliojipima 61. Kwa hiyo usiku wa kusoma, njia dhaifu hujiona bora. Ndiyo maana mwanafunzi mwema kabisa, mwenye bidii, huapa mbele yako kwamba kurudia kusoma kunamsaidia. Hasemi uongo. Anasema alichokihisi usiku ule.

Kusoma matokeo: tofauti ya alama moja kati ya kumi haina maana, ichukulie kama sare. Tofauti ya tatu au zaidi, kwenye masomo yote mawili, isikilize. Kama njia unayoipenda ndiyo iliyoshinda, ishike, umeipata kwa ushahidi. Wengi nilioona wakifanya jaribio hili walikuta kujipima kumeshinda, kisha wakatafuta namna ya kujipima kwa kile wanachokipenda. Msichana mmoja aliyependa kusikiliza alianza kurekodi maswali kwenye simu, anaacha kimya cha sekunde kumi, kisha jibu. Alikuwa anasikiliza akiosha vyombo na anajibu kwa sauti kabla jibu halijasikika. Huko ndiko kuoanisha njia na mtu kwa maana halisi.

## Hatua ya 5: Panga marudio

Mada uliyosoma leo, irudie kesho, kisha siku ya 3, siku ya 7, siku ya 14, halafu mara moja kwa mwezi. Kurudia maana yake kuandika au kusema bila kuangalia, dakika tano hadi kumi. Kwenye ukingo wa juu wa kila mada andika tarehe hizo ili usizibebe kichwani. Saa tatu zilizogawanywa kwa siku sita ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi moja.

## Hatua ya 6: Rekebisha kwa hali yako

Rudi kwenye ukurasa wako wa kwanza.

Kiingereza kinakuzuia. Kwa wanafunzi wa Tanzania hili ni zito kuliko yote. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, umefika kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka Kiingereza. Wengi wanaojiona wazito wa kuelewa ni wazito wa lugha tu. Fanya hivi: elewa mada kwa Kiswahili kwanza, mwombe mwenzako akueleze au jieleze mwenyewe mpaka usiwe na shaka. Kisha chukua maneno 10 hadi 15 ya mada hiyo kwa Kiingereza, yatengenezee kadi, ukiweka maana kwa Kiswahili. Mwisho andika jibu la mtihani kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Usianzie mwisho. Anayekariri sentensi ya Kiingereza asiyoielewa hujikuta hana la kuandika swali likigeuzwa kidogo tu.

Unapoteza uzi katikati ya maelezo marefu. Akili hushika vitu vichache kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kama vinne hivi kwa mtu mzima. Kwa wengine ni pungufu. Vunja mada vipande vya hatua tatu tatu. Kwenye hesabu andika kila hatua, usiruke yoyote kichwani, hata kama mwenzako anaruka.

Huwezi kukaa muda mrefu. Soma dakika 15, simama dakika 3, tembea ukijisemea ulichosoma. Simu ikae chumba kingine. Kuigeuza tu juu ya meza hakusaidii.

Kusoma kwenyewe ni taabu, hata kwa Kiswahili. Kama unaruka mistari, unachanganya herufi, unasoma polepole mno ingawa ukisimuliwa unaelewa vizuri, huenda una disleksia. Hapa sauti ni msaada wa kweli: mtu akusomee, au tumia programu ya simu inayosoma maandishi. Funika mistari ya chini kwa karatasi wakati wa kusoma. Mweleze mwalimu mapema.

Huoni vizuri hata kwa miwani. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya maandishi makubwa na ya nukta nundu kwa watahiniwa wenye ulemavu wa kuona. Mkuu wa shule ndiye wa kuongea naye, na aongee mwanzoni, wakati wa usajili. Usisubiri.

Nyumbani kuna kelele na kazi nyingi. Usishindane na kelele za jioni. Lala mapema, amka saa kumi na nusu alfajiri, soma saa moja ya kazi ngumu. Kadi ziwe za kituoni na kwenye daladala. Lakini usiibe usingizi ili upate muda: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayekesha anafuta alichokisoma.

## Makosa ninayoyaona kila mara

Kupaka rangi kila mstari wa kitabu mpaka ukurasa mzima ni njano. Mkono umefanya kazi, kichwa kimepumzika.

Kugeuza kadi kabla ya kujibu, kisha kusema "nilikuwa najua". Tamka jibu kwanza, ndipo ugeuze.

Diskasheni ambayo mmoja anaeleza na watano wanasikiliza. Anayejifunza zaidi hapo ni yule mmoja. Zungusheni: kila mtu aeleze mada yake, na wengine wamuulize maswali mawili.

Kunakili notsi za mwenzako kwa mwandiko mzuri. Zinapendeza, na hazijafika kichwani.

Muziki wenye maneno wakati wa kusoma maneno. Kama huwezi bila muziki, uwe wa ala tupu na sauti ya chini.

Na kosa la wazazi: kumwambia mtoto mbele ya watu, "huyu si wa kusoma, huyu ni wa vitendo." Mtoto analibeba neno hilo miaka mingi. Nakuomba, mama au baba unayesoma, usilitamke.

## Mambo yakikwama

"Nikijipima naona sijui kitu, nakata tamaa." Jipime kwenye kipande kidogo zaidi, aya moja badala ya mada nzima. Kukosa wakati wa mazoezi ndiko kunakoonyesha pa kurekebisha.

"Kadi zimefika mia mbili, sizimalizi." Bahasha ya 1 isizidi kadi 20. Usiongeze mpya mpaka zilizomo zipande. Na zichuje: kadi ambayo jibu lake ni aya nzima si kadi, ivunje au ihamishie kwenye mchoro.

"Matokeo yangu ya jaribio yanapingana: Biolojia kujipima kumeshinda, Jiografia njia yangu imeshinda." Angalia kazi ya mada kwenye hatua ya 3. Huenda mada yako ya Jiografia ilikuwa ya ramani na hukuchora ulipojipima, uliandika maneno tu. Rudia kwa mada nyingine mbili kabla ya kuamua.

"Nyumbani najibu, chumba cha mtihani naganda." Umezoea kujibu bila saa na bila mpangilio wa mtihani. Kila Jumamosi kaa mezani, funga kila kitu, fanya mtihani uliopita kwa muda wake kamili. Siku ya mtihani anza na swali unalolijua hata kama ni la saba.

"Sina mtu wa kuniuliza." Andika maswali leo, yafungie kwenye bahasha, yafungue baada ya wiki. Utakuwa umeshayasahau vya kutosha kujipima kwa haki.

"Nasinzia kila nikishika kitabu." Angalia kwanza saa za kulala kwenye ukurasa wako wa kwanza. Kama zinatosha, soma umesimama, sema kwa sauti, badilisha somo baada ya dakika 20. Kama unalala saa za kutosha na bado unasinzia darasani kila siku kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya ukapimwe damu. Upungufu wa damu na malaria inayojirudia humchosha mwanafunzi mwezi mzima, na watu humwita mvivu.

"Mwanangu yuko darasa la tano, afanye haya yote?" Hapana. Jioni akiwa anasaidia jikoni, muulize: "Leo umejifunza nini? Kwa nini iko hivyo?" Muulize tena jambo lile lile siku ya tatu. Kwa umri wake hilo linatosha.